Neno Moja la Kesho

Jumatatu, tarehe 6

Mwenzangu,

Manyunyu! Mvua isiyomfukuza mtu njiani ni manyunyu, na wewe ulilijua, usinidanganye. Ulilibakiza hilo kwa sababu ni jepesi. Hesabu sasa. Ma, nyu, nyu. Mdomo umefunguka mara tatu, na ulinifundisha mwenyewe kwamba mdomo ukifunguka ni vyumba viwili, ila huyo "nyu" ni mnene, anataka vitatu peke yake. Viwili, vitatu, vitatu. Vinane. Jaza, gazeti la Jumamosi tumelimaliza.

Anayeniandikia safari hii ni Fundi, yule dada wa cherehani wa mlango wa pili. Mwalimu aliyekuwa akiniandikia amehamishwa, kaondoka na vyombo vyake vyote mpaka pazia. Nimemwambia Fundi, andika kila kinachotoka mdomoni mwangu, usipunguze, usipambe, hata nikikohoa wewe andika. Anacheka. Fundi, andika kwamba unacheka.

Huyu naye ana maswali kuliko askari. Eti, "Bibi, kwa nini msipigiane simu kama watu?" Nikamwambia mwanangu, masikio ya mzee huyu yalibaki kwenye kinu cha unga, kwenye zile mashine. Mara ya mwisho kumpigia nilimwambia goti linaniuma, akanijibu, "Ahsante, nimeshakula." Na kwenda huko mwenyewe siwezi, goti hilo hilo na ngazi ya basi hawaelewani. Ndiyo maana barua.

Akauliza tena, "Na hili gazeti lenye pengo, anakutumia la nini?" Hapo nikamkalisha. Nikamwambia mwaka tuliojenga nyumba hii tulinuniana kwa ajili ya dirisha la jikoni. Mimi nilitaka litazame uani, nione watoto na nguo zangu kwenye kamba. Yeye akalitoboa likatazama barabarani, vumbi lote likawa la kwangu. Basi, hakuna kusemezana. Chai inamiminwa kimya, kikombe kinawekwa kimya. Asubuhi moja kakaa na gazeti lake, penseli kaitoa sikioni, akaiambia hewa: "Kitu cha kufungia mlango, vyumba sita." Nikajizuia. Nikajizuia tena. Nikashindwa. "Kufuli! Na kufuli lenyewe ndiye wewe!" Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Tangu hapo anajaza chemshabongo yote ya gazeti, neno moja analibakiza. La kesho. La kwangu. Mimi kusoma sijui, ananisomea swali, najibu, anaandika. Hata tukilala tumekasirikiana, kuna kitu cha kuniuliza kukicha. Fundi kasema, "Bibi, kumbe nyinyi bado wachumba." Futa hiyo. Hapana, iache.

Sasa wewe, habari yenyewe. Ulikwenda kwa binti yetu "kupimwa tu hilo tumbo, nirudi." Mpaka leo unapimwa. Fundi anasema hata suti ya bwana harusi haipimwi muda huo wote. Daktari kasemaje? Paka mzima, analala kwenye kiti chako na hataki kusogea.

Mkeo,
kwa mkono wa Fundi


Alhamisi, tarehe 9

Mke wangu,

Barua yako dereva wa basi ameifikisha. Mwambie Fundi mwandiko wake umenyooka kama mshono.

Daktari ni kijana mpole mwenye mikono baridi. Wanazungumza, nami nazungumza nao. Hakuna jipya la kukuharibia chai.

Hapa kwa binti yetu makochi bado yamevaa nailoni. Ukikaa unateleza, ukiinuka unatoa mlio kama umechana kitu. Mkwe wetu ananijali, ananiongezea sauti ya televisheni mpaka mtaa mzima unapata taarifa ya habari bure.

Nimekubakizia hili: hubeba mlango mchana na usiku. La kulala, vyumba sita, cha pili ni A.

Fungua dirisha unapopika, moshi si mzuri kwako.

Mumeo


Jumamosi, tarehe 11

Mwenzangu,

Bawaba. Ba, wa, ba, hata vidole sikutumia. Na kama ni bawaba, basi iko moja kwenye mlango wa bafuni inayolia kama mtoto aliyenyimwa, uliahidi kuitia mafuta kabla hujaondoka. Ukaondoka. Nayo kila nikienda kuoga inanisimulia habari zako.

Leo niko kwa Fundi, tumezungukwa na gauni la harusi. Mwenye gauni kila akija kiuno kimehama. Wiki iliyopita kapunguza, wiki hii kaongeza, Fundi anasema atamshonea pazia, siku ya harusi ajifunge anavyotaka. Aa, hii nayo umeiandika? Akija mwenyewe akaisoma je? Haya, funika.

Nilitaka kusema nini? Chumvi. Barua yako nimesomewa, nikaomba nirudiwe, nikasema kuna kitu hakimo. Chumvi! Umeandika barua nzima hujalalamika chumvi. Binti yetu tangu asikie kwenye simu yake kwamba chumvi ni adui anapika kama anampikia mgonjwa, na wewe kimya? Mtu asiyelalamikia chakula, mzee, ni mtu asiyekula. Unakula?

Na hilo "wanazungumza." Wanazungumza nini? Hata kinu kilipokuwa kinanguruma ulikuwa unanijibu vizuri zaidi.

Kuna jambo jingine nilitaka kukuambia, ila Fundi yupo hapa na kalamu yake imesimama kama masikio ya sungura. Basi nalifanya swali. Hulala upande wa ukutani, akiondoka ukuta unaingia baridi. Jaza mwenyewe.

Mkeo,
kwa mkono wa Fundi (ambaye ameambiwa asicheke)


Jumanne, tarehe 14

Mke wangu mpenzi,

Misumari ya bati iko kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, nyuma ya taa mbovu. Lile bati la juu ya jikoni lisingoje mvua kubwa.

Paka akianza kukonda, mpeleke kwa yule bwana wa mifugo. Usimpe maziwa ya baridi.

Nimekaa nikafikiri juu ya dirisha. Ulikuwa na haki. Lingetazama uani. Samahani kwa vumbi la miaka yote hii.

Ulinipikia vizuri sana.

Gazeti la leo nimelikunja humu ndani. Kaa salama.

Mumeo


Alhamisi, tarehe 16

Mwanangu,

Barua hii ni yako, usimpe baba yako. Na usinidanganye. Ana nini?

Jana Fundi alinisomea barua yake. Kwanza "mke wangu mpenzi." Mimi! Tangu nimjue nikiitwa kutoka chumba kingine naitwa "wewe," na naitika. Halafu kanipa haki yangu ya dirisha. Ugomvi tuliolea pamoja kuliko tulivyokulea wewe, kanikabidhi kwa mstari mmoja na samahani juu yake. Nikasema labda ni homa. Nikamwambia Fundi fungua gazeti, nisomee lililobaki.

Akaligeuza huku, akaligeuza huku. Akasema, "Bibi, leo hakuna lililobaki. Amejaza yote."

Nikamwambia tazama pembeni, huko chini, wakati mwingine linajificha.

"Yote, Bibi. Amelimaliza safi kabisa." Na akatabasamu, maskini. Hakujua amenisomea nini.

Wewe asubuhi ulikuwa unaondoka na mkate mdomoni kuwahi shule, hukukaa ukaona. Baba yako halimalizi gazeti. Anabakiza neno moja la kesho, nami namjibu kesho. Hajawahi kulimaliza, hata siku tuliyozika mama yangu alibakiza. Sasa kalimaliza, kisha kanionyesha misumari ilipo. Mimi si mtoto. Mtu anayefunga madirisha yote na kuonyesha funguo anakwenda mahali.

Sikupigii kwa sababu simu ya dukani ina wasikilizaji kuliko wateja. Niandikie kweli. Nimeshakaa chini.

Mama yako,
kwa mkono wa Fundi


Jumamosi, tarehe 18

Mama, shikamoo.

Baba alituapisha tusikuambie. Nisamehe.

Ana uvimbe tumboni. Daktari anasema unatolewa, na ukitolewa sasa Baba anarudi nyumbani akiwa mtu wake yule yule. Ukiachwa, hautakaa ulipo. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya upasuaji. Walipokuja na kitanda cha magurudumu kumchukua, walimkuta amevua gauni la hospitali, amevaa suruali na viatu, amekaa ukingoni mwa kitanda. Akawaambia, "Hiyo nusu kaputi siitaki. Nusu ya kwanza naijua, nitalala. Hiyo nusu nyingine ndiyo hakuna anayeniambia ikoje." Manesi walicheka. Mimi sikucheka, namjua anavyotania akiogopa.

Tumerudi naye hapa nyumbani. Anataka tumlete huko alale kwenye kitanda chake basi. Nimelia, mume wangu amembembeleza, hatusikii, na safari hii si masikio. Daktari amemwekea nafasi nyingine Alhamisi ijayo. Akiikataa hiyo, anasema baadaye hatakuwa na la kufanya.

Mama, kuhusu gazeti. Jumanne alipolimaliza nilidhani amepata nafuu. Nilimpigia makofi.

Mwanao


Jumapili, tarehe 19

Wewe mzee,

Usimkaripie mtoto, kasema kwa sababu nimemuuliza. Nayajua yote, uvimbe, suruali, viatu. Fundi alinisomea huku analia, nimemwambia ajihadhari, machozi yasidondoke kwenye gauni la watu.

Kwanza, dirisha. Chukua haki yako, mimi siitaki. Nani kakuomba? Nilikuwa na ugomvi wangu mzima, mzuri, wa kuamkia nao, wewe unanipa haki halafu unaondoka? Nigombane na nani, na paka? Njoo uniambie hapa mbele ya dirisha lenyewe kwamba mimi ndiye niliyekosea.

Pili, misumari. Umeandika iko wapi, hujaandika nani atapanda juu ya bati. Mimi, na goti hili?

Fundi anasema barua inakuwa ndefu, bahasha haitafunga. Itafunga. Andika.

Tatu, gazeti. Tulikubaliana nini? Kujaza kwako, la mwisho langu. Umejaza na langu. Najua ulichofikiri, nakujua mimi. Ulifikiri usiniachie swali, isije asubuhi nikajibu na hakuna wa kuandika. Ndivyo ulivyo. Ukitoka mapema kwenda kinuni ulikuwa unavuta mlango polepole kama mwizi, usiniamshe. Mzee wangu, siku zote hizo nilikuwa macho. Nilikuwa nasikiliza viatu vyako mpaka vinapinda kwenye kona.

Basi nimefanya hivi. Nimelitandika gazeti lako mezani, nikavua ndala, na kwa kisigino cha ndala nikafuta neno moja. Ndiyo, kama watoto wa shule. Uishukuru penseli yako, ingekuwa kalamu ya wino ningelichana. Fundi alitaka kunielekeza, nikamwambia wewe geukia ukutani. Kwa hiyo silijui nililofuta. Nimechagua kama ninavyochagua nyanya, kwa mkono, hili limesimama, liko katikati, limejaa. Karatasi imechubuka lakini haikutoboka.

Fundi alipogeuka akashika mdomo. "Bibi, umefuta moja lakini umeharibu na mengine. Yote yaliyokuwa yanapita hapo, kila moja limepungua herufi." Nikamwambia ndivyo hivyo. Huliondoi moja ukaacha majirani zake wazima. Gazeti nakurudishia humu, na hiyo nawe uitazame vizuri, uvae na miwani.

Sasa neno hilo sitaki kusomewa. Fundi nimemwapisha kwa cherehani yake. Unalo wewe peke yako. Nataka uniulize swali lake hapa mezani, kwa mdomo wako, chai ikiwepo, na mimi nijibu, na wewe ujaze. Usilijaze huko. Usinitumie kwa barua. Ingia kwa huyo kijana mwenye mikono baridi, ulale hiyo nusu ya kwanza. Hiyo ya pili uamke, kwa sababu kuna mtu anangoja swali lake.

Naogopa na mimi. Andika, Fundi, andika. Naogopa kuliko wewe, maana wewe utakuwa umelala, mimi nitakuwa macho.

Mkeo,
kwa mkono wa Fundi, na kwa ndala yangu mwenyewe


Jumanne, tarehe 21

Wewe,

Gazeti limefika. Ndala yako imepita mpaka kwenye habari za mpira, sasa sijui nani kamfunga nani.

Umefuta la kusimama, namba tisa. Swali lake silisemi. Nililisoma, nikacheka peke yangu kwenye kochi la nailoni, binti yetu akaja mbio akidhani nimechana kitu.

Penseli nilikuwa nayo mkononi asubuhi yote. Sikulijaza.

Tumepita hospitali leo kuwaambia. Daktari aliliona gazeti mfukoni mwangu, akalisoma, akafungua mdomo kujibu. Nikamwambia kijana, nyamaza, hilo lina mwenyewe.

Naingia Alhamisi. Nitawaomba waliweke chini ya mto.

Chakula cha huku hakina chumvi hata kwenye yai. Sijui yai limewakosea nini. Haya, nimelalamika, umeridhika?

Kuhusu dirisha, nilikosea kusema nilikosea.

Mumeo


Jumamosi, tarehe 25

Mwenzangu,

Sijui barua hii utasomewa lini, lakini nimemwambia Fundi tuandike, kwa sababu nikikaa kimya nasikia mambo.

Binti yetu alipiga dukani Alhamisi jioni. Kasema umetoka, uvimbe umetoka, umelala. Nikasema vizuri, alale. Jana kapiga tena. Kasema ulifumbua macho, ukamtazama, ukafumba, hujasema kitu. Nikauliza, hata neno? Akasema hata neno, Mama, daktari anasema tungoje. Haya. Tungoje. Leo hajapiga, na mwenye duka nimemchosha, nikipita tu anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Fundi amekuja kukaa na mimi, gauni kaliacha, mwenye gauni atajua mwenyewe kiuno kiko wapi. Kaja na kichupa cha mafuta ya cherehani, kaipaka ile bawaba ya bafuni. Sasa hailii. Nimekwenda kuoga, nimefungua mlango, kimya. Nikafungua tena, kimya. Nikarudi nikamwambia Fundi, ungeiacha. Akaomba msamaha, masikini, hana kosa. Fundi, huna kosa. Andika kwamba huna kosa.

Chai nimepika ya watu wawili, mkono umezoea. Imepoa hapo mezani upande wako. Paka kainusa kaondoka.

Halafu nikuambie jambo, na usilitumie vibaya. Tangu Alhamisi nimehamishia kiti changu jikoni, kwenye hilo dirisha lako. Hapa unaona barabara yote, mpaka kwenye kona, mpaka basi linaposimama. Kila anayeshuka namwona kabla hajaniona. Lingetazama uani ningeona nini? Kamba na nguo. Kwa hiyo, mzee... Fundi, hili andika polepole, alisome vizuri. Kwa hiyo vumbi ni langu, sawa, lakini dirisha limekaa pake. Sasa unalo hilo, limeandikwa, lina shahidi. Na wewe ulishaandika kwamba mimi ndiye niliyekuwa na haki, ukaandika tena kwamba hapana, kwa hiyo hatuelewani kabisa, ugomvi umerudi, mpya, kama umetoka kwa fundi leo. Inabidi mtu aje tuumalize.

Hilo neno namba tisa silifikirii. Naongopa, nalifikiria. Nimeshajibu maswali ambayo hayajaulizwa. Nimesema maji, nimesema kitanda, nimesema subira, nimesema kiatu. Fundi analijua, ananitazama tu, midomo kaibana kama ameshika pini. Sitaki. Usinipe hata herufi ya kwanza. Nitakaa nalo hivyo hivyo tupu, hata kama...

Nani huyo anaita? Fundi, chungulia. Wa dukani? Nakusikia, mwanangu, usipige kelele, kiziwi ni mume wangu! Simu? Yangu? Binti yangu? Si binti? Sasa nani? Anafanya nini? Anapiga kelele? Mpaka wateja wametoka nje? Anasema nini? Namba... Hapana! Hapana, mwambie asiseme! Kimbia mwanangu, mwambie anyamaze, atalitaja mbele ya duka zima! Mwambie hilo ni la mezani! Ndala, ndala yangu nyingine iko wapi? Acha kalamu, Fundi, nishike mkono, twende, nakuja, mwambie nakuja